Kifungu cha 14 kilishafutwa, jamani

Nimeambiwa tena. Safari hii ni mzee wa kanisa, mtu mwema anayenipenda, kanivuta pembeni baada ya ibada ya Kiswahili: "Mchungaji, wale vijana wanaovutwa na jinsia yao wanaokuja kwako, ukishajua habari zao inabidi ukawaripoti polisi. Usipofanya hivyo utafungwa wewe." Kabla yake alikuwa mama mmoja wa Umoja wa Wamama. Kabla ya mama huyo alikuwa kasisi mwenzangu, na huyo alitakiwa kujua.

Basi niandike mara moja, anayetaka asome. Sheria ya Uganda dhidi ya ushoga iliyosainiwa Mei 2023 ilikuwa na kifungu cha 14 kilichowalazimisha watu kuripoti. Tarehe 3 Aprili 2024 majaji watano wa Mahakama ya Katiba walikifuta, pamoja na vipengele vilivyombana mwenye nyumba anayepangisha. Walisema vinagongana na haki ya afya, faragha na uhuru wa dini. Uhuru wa dini, mzee wangu! Mahakama iliona hatari ambayo sisi wenye kanzu hatukuiona.

Simaanishi kwamba mambo ni shwari. Sehemu kubwa ya sheria imebaki: kifungo cha maisha, adhabu ya kifo kwa makosa yaliyopewa jina la "mazito", na hadi miaka 20 kwa anayehamasisha ushoga. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba mtu anayeshukiwa tu, ambaye hajafanya tendo, hana kosa. Kwa hiyo kijana akikaa mbele yangu akaniambia moyo wake unavutwa na wanaume, hajaniambia jinai yoyote. Kaniambia habari za moyo wake. Polisi nikawapelekee nini?

Hilo la sheria ni jepesi. Kinachoniudhi zaidi kipo ndani yetu, na hakuna mahakama itakayokifuta.

Sisi Waanglikana wa Uganda ni watoto wa uamsho, ule uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukavuka mpaka ukaingia kila parokia. Mlokole halisi anatembea nuruni. Anasimama kwenye ushirika, anaitaja dhambi yake kwa jina, ndugu wanapokea kwa wimbo, na mambo yamekwisha. Mimi mwenyewe nililelewa humo na siudharau: nimeona wanaume waliogombania shamba miaka mingi wakishikana mikono na kulia. Tatizo ni kwamba mtu aliyelelewa hivyo, akisikia neno "siri", masikio yake yanasikia "dhambi iliyofichwa". Mchungaji akifunga mlango ili azungumze na mtu, tayari ameshiriki giza. Na ndugu akishajua jambo, anajiona ana wajibu wa kulileta kwenye mwanga, yaani kwenye ushirika, na likifika kwenye ushirika limefika sokoni. Nimeona binti akipoteza chumba cha kupanga kwa sababu mtu "alimwombea" kwa sauti kwenye maombi ya mkesha. Hakuna aliyemripoti. Aliombewa tu!

Ajabu ni kwamba wanaofanya hivi wanakiapia Kitabu cha Sala. Kile cha 1662 kinamwelekeza mtu ambaye dhamiri yake haitulii aende kwa mhudumu mwenye busara na elimu, afungue huzuni yake kwake. Kwa mhudumu, si kwa kamati. Na Kanuni ya 113 ya Kanisa la Uingereza ya mwaka 1603 ilimkataza kasisi kutoa nje alichoungamiwa, isipokuwa kosa ambalo kwa sheria ya nchi kulificha kungeweza kumgharimu kasisi mwenyewe uhai wake. Wazee wale hawakuwa wajinga, walijiachia mlango. Hata kifungu cha 14 kilipokuwa hai hakikufika hapo: hakikutishia uhai wa asiyeripoti.

Sasa uzito wenyewe, ambao semina huuruka: wengi wanaokuja hawaji kuungama. Hawajapiga magoti, hawataki ghofira. Wanakuja kunywa chai na kuuliza kama Mungu amewachoka. Muhuri wa maungamo, yaani katazo la kasisi kutoa nje alichoungamiwa, haujagusa mazungumzo hayo, yanalindwa na neno langu tu. Ndiyo maana kabla mtu hajafungua kinywa namwambia nisichoweza kukaa nacho: mtoto akiwa anadhuriwa, nitasema; ukitaka kujiua, sitakuacha peke yako na nitamtafuta mtu wa kusaidia. Mengine yote yanabaki hapa. Kwa wakimbizi wa Kongo narudia mara mbili, maana wao wanaogopa pia kupoteza karatasi zao za ukimbizi.

Watu hudhani huduma hii ni uasi ulioletwa na wazungu. Soma Azimio I.10 la Lambeth, mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, 1998, lile lile linalopeperushwa kila sinodi. Ndiyo, linakataa matendo ya jinsia moja kuwa hayapatani na Maandiko. Pia linasema waumini waliobatizwa ni viungo kamili vya mwili wa Kristo bila kujali mwelekeo wao wa kimapenzi, na linaahidi kuwasikiliza. Mwaka 2005 maaskofu wakuu wa Kianglikana, waliokutana Dromantine, Ireland Kaskazini, walilaani kuwadhulumu na kuwadunisha watu hawa. Hata Askofu Mkuu wetu Stephen Kaziimba, aliyeikaribisha sheria ya 2023, alisema haungi mkono adhabu ya kifo. Mimi sikubaliani naye katika mengi, lakini anayetaka kunifundisha msimamo wa kanisa aanze kuusoma wote.

Askofu Christopher Senyonjo aliusoma. Aliongoza dayosisi ya West Buganda tangu 1974 hadi 1998, na alipostaafu akaanza kuwapokea watu hawa kwa ushauri. Hakuwaambia waache walivyo ndipo wakaribishwe, na kanisa likamnyang'anya ruhusa ya kuhudumu. Januari 2011, kwenye mazishi ya David Kato, mwanaharakati wa haki za wapenzi wa jinsia moja aliyeuawa nyumbani kwake, mhubiri wa Kianglikana aliligeuza jeneza kuwa mimbari ya kuwakemea waombolezaji. Wanakijiji wakakataa kuzika. Marafiki wa Kato ndio waliolibeba jeneza, na Senyonjo ndiye aliyemwombea kaburini. Kila nikialikwa kufundisha wanafunzi wa uchungaji huwauliza: siku ile, nani alikuwa anafanya harakati na nani alikuwa anazika?

Lakini kuna jambo linaloninyima usingizi. Kile kifungu cha kuhamasisha hakijachora mstari unaoonyesha kusikiliza kunaishia wapi. Kwa hiyo nasikiliza chumbani, na mimbarini nanyamaza. Najiambia nawalinda, maana nikisema kwa sauti, mlango wangu utatazamwa na hakuna atakayethubutu kuugonga. Huenda ni kweli. Huenda pia ni woga uliovaa kola. Senyonjo alisema hadharani, akapoteza parokia zote na watu wakaendelea kumjia. Mimi bado nina parokia, na kijana mmoja aliwahi kuniuliza kwa adabu kabisa: "Baba, unanipa faraja Alhamisi ili nivumilie kutukanwa Jumapili?" Sikumpa jibu, na mpaka leo silijui.

Lile la polisi, hata hivyo, nalijua. Mzee, wamama, na wewe kasisi mwenzangu: hukumu ya Aprili 2024 iko wazi, mtafuteni wakili yeyote Kampala awasomee. Na msiwaombee watu kwa majina kwenye mkesha bila ruhusa yao.