Kupigwa si sehemu ya kazi ya uuguzi

"Vumilia dada, ndiyo kazi uliyoichagua." Niliyasikia hayo Moshi, muuguzi akiwa bado ameshika shavu. Ndugu wa mgonjwa alimzaba kofi kwa kuwa dripu ilichelewa; usiku huo alikuwa peke yake na wodi nzima.

Si kweli. Kofi ni shambulio, na shambulio ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, awe amepigwa muuguzi au muuza ndizi. PF3, fomu za polisi za matibabu, muuguzi huziona kila siku mikononi mwa majeruhi, naye ana haki ya kuchukua yake.

Basi kama sheria ipo, kwa nini nasema wauguzi wawaendee wabunge? Kwa sababu kesi ya jinai huja baada ya kofi. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, unataka nchi inayouridhia imlazimishe mwajiri kuzuia ukatili kabla haujatokea.

Muuguzi, mbunge wako usimpelekee kilio kitupu. Mpelekee daftari: tarehe, zamu, wauguzi wangapi, wagonjwa wangapi, mlinzi alikuwa wapi. Kwa daftari hilo anaweza kumbana waziri kwa swali pale Dodoma, hata kupeleka muswada binafsi.