Biokovo hamna maji: panga siku yako ya mlimani kabla hujatoka kitandani

Kiangazi kikianza huwa tunarudia maneno yaleyale kwa wageni wanaokuja kupanda Biokovo, na safari hii nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu siku hizi nakutana na Waswahili wengi kidogo kwenye njia za huku, wengine wanaishi Ulaya wamekuja likizo, wengine wako mahotelini pwani kwa kazi za msimu na siku ya ofu wanautazama ule mlima hapo juu wanasema twende. Twendeni, ni mlima mzuri sana. Ila naomba mnisome mpaka mwisho kwanza.

Biokovo ni hifadhi ya mazingira tangu 1981, iko kusini mwa Kroatia, mkoa wa Dalmatia, nyuma kabisa ya mji wa Makarska. Yaani unasimama ufukweni miguu kwenye maji, ukigeuka nyuma ukuta wa mawe umesimama. Kilele chake kinaitwa Sveti Jure, mita 1762.

Hiyo namba ndo inawaponza watu wetu. Mtu amewahi kupanda Kilimanjaro, au hata ana binamu aliyepanda, akisikia 1762 anaona ni kilima. Na kweli geti la Marangu tu liko juu kuliko kilele hiki. Lakini kule Kilimanjaro gari linakupeleka hadi getini, alafu unapanda kwa siku kadhaa, una mpagazi, una guide, unapikiwa. Huku unaanzia usawa wa bahari na unataka kufika juu na kurudi siku hiyohiyo, peke yako, mzigo mgongoni. Usiku wa kwenda kileleni Kilimanjaro, kutoka kambi ya Kibo hadi kilele cha Uhuru, mtu anapanda kama mita 1175. Kutoka Makarska hadi Sveti Jure ni zaidi ya 1700. Hewa huku haikuishii, hiyo ni kweli, ila magoti na maji vinakuishia.

Tuanze na maji sasa, maana hapo ndo penyewe.

Mlima wote ni mawe ya chokaa. Mvua inanyesha, kipindi cha baridi theluji inaanguka, ila maji hayakai juu, yanazama kwenye nyufa, yanapita chini kwa chini na kuja kutokea huku pwani, mengine yanatokea ndani ya bahari kabisa. Kati ya Brela na Omiš kuna ghuba inaitwa Vrulja, na hilo jina ndo neno lao la chemchemi inayobubujika chini ya bahari, kwa hiyo unaweza ukawa unaogelea baharini umezungukwa na maji baridi yaliyonyesha juu ya mlima, wakati mwenzako aliye huko juu koo limemkauka na hapati hata kijito. Hamna mto, hamna mfereji, hamna bomba. Kuna mashimo marefu ambayo ndani yake barafu inadumu mpaka kiangazi, na wazee wa zamani walikuwa wanaikata wanaishusha mjini kuiuza, lakini usije ukaingia humo kutafuta ya kunywa. Visima vya maji ya mvua utaviona pia, vya wachungaji, navyo usivitegemee. Na pale Vošac, kilele kingine cha Biokovo kilicho chini ya Sveti Jure, kuna nyumba ya wapanda milima, sio kila siku iko wazi, uliza kwanza.

Kwa hiyo maji yako unayabeba wewe. Lita 3 kwa mtu mzima, Julai na Agosti mimi nabeba 4. Ndio, ni kilo 4, na ndio, asubuhi utanung'unika. Alafu kuna kanuni moja tu ambayo nawaomba muishike: nusu ya maji ikiisha na bado hujafika ulikopanga, geuza. Sio "nikifika pale kwenye ule mti". Geuza hapohapo.

Kitu cha pili ni kivuli, na hiki watu wengi hawakifikirii kabisa. Mlima uko upande wa kaskazini mashariki ya mji, maana yake asubuhi jua linachomoza nyuma yake. Huu upande wa baharini unaokwenda kupanda unakuwa kwenye kivuli cha mlima wenyewe, mji mzima bado uko kwenye kivuli wakati mbingu imeshang'aa. Hicho kivuli ni mali. Ukianza saa 11 alfajiri sehemu kubwa ya mwinuko unaimaliza kwa ubaridi. Ukianza saa 3 unapanda jua likikuchungulia, likishavuka ukingo linabaki mwilini kwako mpaka magharibi, na yale mawe ni meupe, yanapokea joto yanakurudishia, unaungua juu na chini. Ukiinama kufunga kamba unasikia joto la jiwe usoni kama umefungua mlango wa oveni.

Mwaka juzi mwezi wa saba niliwakuta vijana wawili pale Makar, kale kakijiji kalikoko juu ya mji ambako njia inaanza kupanda, saa 5 asubuhi, chupa moja ya nusu lita kwa watu wawili na mmoja kavaa kandambili. Nikawasikia wanaongea Kiswahili cha Tanga. "Shikamoo mama. Eti hapo juu duka liko mbali?" Nikawaambia marahaba wanangu, duka ndo mmelipita huko chini. Tukakaa chini ya ukuta tukapiga hesabu pamoja, na nataka na wewe uipige hivyohivyo:

Mtu wa kawaida anapanda mita 300 hadi 400 kwa saa moja, mapumziko mbali. Kutoka Makar hadi Vošac, mita 1421, ni kama mita 1200 za kupanda, kwa hiyo masaa matatu hadi manne. Kurudi usijidanganye kwamba ni nusu, njia ni mawe ya kuteleza na kokoto zinazoviringika, weka masaa mawili na nusu au matatu. Ukitaka Sveti Jure yenyewe kutokea mjini ni masaa matano au sita kwenda tu. Sasa wale vijana saa 5 ongeza 4, wanafika juu saa 9 mchana, jua kali kuliko yote, maji yaliisha saa 6. Walielewa wenyewe, wakashuka kuogelea, kesho yake wakaanza alfajiri na viatu vya kueleweka.

Mimi msimu ninaoupenda ni Mei na mwisho wa Septemba. Oktoba nayo nzuri, ila saa zikirudishwa nyuma mwisho wa mwezi huo, jua linazama kabla ya saa 11 jioni, kwa hiyo tochi ya kichwani na betri ni lazima, sio tochi ya simu maana hiyo simu utaihitaji kwa kazi nyingine.

Njia imechorwa alama kwenye mawe, duara jekundu na doa jeupe katikati. Zoea kufanya hivi: ukiona alama moja, usiondoke mpaka umeiona inayofuata. Ukitembea dakika tano hujaona kitu, rudi kwenye ile ya mwisho, usikate njia ya mkato. Huko juu kuna mabonde ya duara kama mabakuli, yanafanana yote, na ukungu ukishuka hujui ulitokea bakuli lipi.

Upepo. Kuna bura, unatoka bara unashuka kuelekea baharini, baridi na wa ghafla, na unakuja kwa mikupuo. Kwenye daraja la Maslenica, kaskazini zaidi pwani hiyohiyo, ulishapimwa ukapita kilomita 200 kwa saa. Ukiona wingu limeukalia ukingo wa mlima kama kofia huku bahari iko kwenye jua, ujue bura iko njiani au imeshafika, siku hiyo usipande. Kuna na jugo, wa kusini mashariki, huo unaleta unyevu, mvua na ukungu. Utabiri wa DHMZ, idara ya hali ya hewa ya Kroatia, usome jana yake usiku na asubuhi tena.

Nyoka yupo, poskok, ana kipembe puani, ni wa ukoo mmoja na kifutu wetu. Angalia unapoweka mkono na unapokaa. Akikuuma usichanje, usinyonye, usifunge kamba, tulia na upige simu. Na moto usiwashe mlimani, hata kipisi cha sigara, nyasi za kiangazi zinashika mara moja.

Kama mguu haukuruhusu, kuna barabara ya gari inapanda hadi karibu na kilele, kilomita 23, nyembamba, tiketi kata mapema mtandaoni. Njiani kuna Skywalk, sakafu ya kioo iliyotokeza juu ya jabali kwenye mita 1228, imefunguliwa 2020. Sioni aibu yoyote kwenda kwa gari na watoto au wazee, mandhari ni yaleyale.

La mwisho ni simu. Kabla hujatoka mwachie mtu ujumbe: njia gani, nani na nani, utarudi saa ngapi. Ukipata shida piga 112, inakuunganisha na HGSS, waokoaji wa mlimani, wengi wao watu wa kujitolea. Kuokolewa ni bure, hata kwa mgeni. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu watu wetu wanachelewa kupiga wakiogopa bili, wanajikokota na kifundo kilichovimba mpaka giza, na gizani ndo wanaanguka vibaya. Piga mapema. Sema uko wapi, soma namba za GPS kwenye simu, sema mko wangapi na nani kaumia nini. Helikopta ikija inua mikono yote miwili juu, umbo la Y, maana yake ndio tunahitaji msaada. Alafu baki palepale ulipowaambia upo, na laini yako iache wazi, watakupigia tena.