Ukamilifu na usahihi wa utafutaji ni nini?

Kila utafutaji, uwe wa katalogi ya maktaba, hifadhidata ya makala au injini ya intaneti, hupimwa kwa maswali mawili. La kwanza: kati ya hati zilizoletwa, ngapi zinahusika na swali? Jibu lake huitwa usahihi. La pili: kati ya hati zote zinazohusika zilizomo kwenye mkusanyiko, ngapi zimeletwa? Jibu lake huitwa ukamilifu.

Tuseme mkusanyiko una makala 10,000, na 40 kati yake zinajibu swali lako. Umeandika maneno yako, zikaja makala 50. Umezipitia moja moja, ukakuta 30 zinahusika na 20 hazihusiki. Usahihi ni 30 kwa 50, yaani asilimia 60. Ukamilifu ni 30 kwa 40, yaani asilimia 75. Zile 20 zilizokuja bure huitwa kelele. Zile 10 zilizobaki ndani bila kuonekana ndizo pengo.

Wapo wanaouliza kwa nini tusihesabu tu maamuzi sahihi ya mfumo kwa jumla. Hesabu hiyo hupotosha, kwa sababu katika karibu kila mkusanyiko hati zisizohusika ni nyingi mno. Kwa mfano wetu, mfumo usioleta hati hata moja utakuwa "umeamua sawasawa" juu ya makala 9,960 kati ya 10,000. Hiyo ni asilimia 99.6, na mtafutaji ametoka mikono mitupu.

Tofauti kubwa ya vipimo hivi viwili ni kwamba usahihi unaonekana kwa macho na ukamilifu hauonekani. Kelele iko mbele yako kwenye skrini. Unaisoma, unakereka, unabadilisha maneno. Pengo halina dalili. Ukurasa wa kwanza ukiwa umejaa makala nzuri, mtu huridhika na kufunga kazi, hata kama makala nyingi kuliko hizo zimebaki nyuma.

Ushahidi unaotajwa zaidi kuhusu jambo hili ni utafiti wa David Blair na M. E. Maron uliochapishwa mwaka 1985. Waliupima mfumo uliohifadhi matini kamili ya hati zipatazo 40,000, karibu kurasa 350,000, zilizotumika katika kesi moja kubwa nchini Marekani. Mawakili waliokuwa wakitafuta waliamini wamepata zaidi ya asilimia 75 ya hati walizozihitaji. Walipopimwa, usahihi wao ulikuwa wastani wa asilimia 79, kiwango kizuri kabisa. Ukamilifu ulikuwa asilimia 20. Kati ya kila hati tano walizozihitaji, nne hawakuziona, na hawakuwa na habari.

Sababu haikuwa uzembe. Kesi ilihusu ajali, na mawakili walitafuta neno "ajali" na mengine ya karibu. Lakini waliohusika na tukio lenyewe waliandika juu ya "tukio", "hali iliyojitokeza", "tatizo" au "ugumu". Kompyuta ilifanya kama ilivyoagizwa. Mwandishi na mtafutaji ndio waliokuwa wakikitaja kitu kimoja kwa maneno mbalimbali.

Kwa matini ya Kiswahili mtego huu huwa mkubwa zaidi, na inafaa kuuangalia kwa karibu. Chukua mada ya kilimo. Hifadhidata nyingi hukuruhusu kuandika shina la neno na kuweka kinyota mwishoni ili mfumo ulete kila neno linaloanza hivyo. Mbinu hiyo hufaa lugha zinazobadilisha maneno mwishoni. Kiswahili hubadilisha mbele: mkulima, wakulima, kilimo, ukulima, kulima, wanalima. Ukiandika lim* unakosa yote hayo sita, na badala yake unaletewa limau, limbuko na limbikiza. Hapo umepoteza ukamilifu na usahihi kwa mpigo mmoja.

Je, kinyota kingewekwa mbele? Hifadhidata nyingi hazikubali, kwa kuwa faharasa yake imepangwa kuanzia herufi ya kwanza ya neno, na kutafuta kuanzia katikati kungeilazimu kupitia kila neno. Pale inapokubaliwa, *lim* italeta wakulima, lakini pia italeta elimu, mwalimu, mlima, ulimi na ulimwengu. Njia inayofanya kazi ni ya kuchosha: orodhesha maumbo yote kwa mkono na uyaunganishe kwa amri ya OR ("au"), kama hivi: kilimo OR mkulima OR wakulima OR ukulima OR kulima. Kisha ongeza visawe. Anayetafuta "kompyuta" peke yake huwakosa walioandika tarakilishi au ngamizi. Upande wa pili liko neno "mtandao", ambalo kwa mmoja ni intaneti, kwa mwingine ni muungano wa vikundi vya wanawake, kwa wa tatu ni njia ya kusambaza umeme. Neno kama hilo huleta kelele tupu mpaka uliunganishe na lingine kwa AND ("na"), inayodai maneno yote mawili yawemo.

Kila hifadhidata ina kanuni zake, na kutozijua huharibu matokeo kimyakimya. PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, kwa mfano, hudai angalau herufi 4 kabla ya kinyota. Zaidi ya hapo, ukiweka kinyota unazima huduma yake ya kulioanisha neno lako na vichwa vya mada (maneno rasmi ya kuainishia makala) na visawe vyake. Mtu anaongeza kinyota akitaka kupanua wavu, kumbe upande mwingine ameukunja.

Vipimo hivi vilipata umaarufu kupitia majaribio ya Cranfield, Uingereza, yaliyoongozwa na mkutubi Cyril Cleverdon kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika awamu ya pili, miaka ya 1960, timu yake ilitumia hati 1,400, nyingi za sayansi ya urukaji wa ndege, pamoja na maswali ya watafiti na maamuzi ya hati ipi inahusika na swali lipi. Matokeo yaliwashtua wengi: maneno ya kawaida yaliyochukuliwa moja moja kutoka kwenye hati zenyewe yalishindana vizuri, na mara nyingine yaliishinda mifumo ya istilahi iliyotungwa kwa uangalifu na wataalamu. Cleverdon alionyesha pia kwamba vipimo hivi viwili huvutana. Ukipanua maneno ili usikose kitu, kelele huongezeka. Ukiyabana ili kupunguza kelele, pengo hukua.

Kwa hiyo hakuna kiwango kimoja kinachofaa kila kazi. Anayetaka kujua mji mkuu wa nchi anahitaji hati moja sahihi juu kabisa, na ukamilifu haumhusu. Ndiyo maana injini za intaneti hupimwa zaidi kwa idadi ya hati zinazohusika katika 10 za kwanza. Anayefanya mapitio ya kimfumo ya tafiti za dawa, yaani kukusanya na kupima tafiti zote za swali moja, yuko upande wa pili kabisa: utafiti mmoja uliokosekana, hasa ule ulioonyesha madhara, unaweza kugeuza hitimisho. Yeye hukubali kupitia maelfu ya ikisiri ili abaki na tafiti 30. Usahihi wa asilimia 2 kwake ni jambo la kawaida.

Upo wastani unaoviunganisha vipimo viwili, uitwao F. Zidisha usahihi kwa ukamilifu, zidisha kwa 2, gawanya kwa jumla yake. Kwa mfano wa mwanzo: 2 × 0.60 × 0.75 ÷ 1.35, sawa na 0.67 hivi. Ni kipimo rahisi kuripoti, lakini kikitajwa peke yake hakifai, kwa sababu kinachukulia kwamba kelele na pengo vina uzito sawa. Mara chache huwa hivyo.

Namna ya kupima kisichoonekana

Ili kuhesabu ukamilifu inabidi kujua jumla ya hati zinazohusika, na jumla hiyo haijulikani. Huweza tu kukadiriwa, na zipo njia tatu zinazotumika sana.

Ya kwanza ni seti ya majaribio. Kusanya makala, tuseme 20, unazojua kwa hakika kwamba zinahusika, ukizitoa kwa wataalamu na kwenye orodha za marejeo. Usizitoe kwenye utafutaji uleule unaoupima. Huko ni kujisahihishia mtihani. Hakikisha kwanza kila makala imo ndani ya hifadhidata. Mbili zikiwa hazimo, ziondoe kwenye hesabu. Utafutaji wako ukileta 14 kati ya 18 zilizobaki, ukamilifu wake ni kama asilimia 78. Faida kubwa ya njia hii iko kwenye zile 4 zilizokosekana. Fungua kila moja, soma kichwa, ikisiri na vichwa vya mada, utafute neno lililotumika ambalo hukuliandika. Mara nyingi utaona kosa la tahajia, kisawe kilichosahaulika, au AND moja ya ziada iliyobana mno.

Ya pili ni sampuli ya kilichoachwa. Umeletewa makala 200 kati ya 10,000, na 60 zinahusika. Chukua bila upendeleo makala 490 kati ya 9,800 zilizobaki, yaani moja katika kila 20. Ukikuta 2 zinazohusika, kadiria kwamba zimebaki 40, na ukamilifu wako ni 60 kwa 100. Hapa watu hukosea kwa kuamini sampuli ndogo. Hata kama usingekuta hata moja kati ya 490, takwimu bado zingeruhusu, kwa uhakika wa asilimia 95, takriban makala 60 zinazohusika kuwa zimejificha nje ya sampuli. Sifuri kwenye sampuli si sifuri kwenye mkusanyiko.

Ya tatu ni ya watafutaji wawili wasioambiana. Mmoja amepata makala 60 zinazohusika, wa pili 50, na 40 zimepatikana kwa wote wawili. Zidisha 60 kwa 50, gawanya kwa 40, unapata makadirio ya makala 75. Kwa pamoja wamepata 70, hivyo huenda zimebaki 5. Makadirio haya huwa ya chini kuliko hali halisi, kwa kuwa makala rahisi kuonekana huonekana na kila mtu, na ngumu hufichika kwa wote.

Swali la kutangulia yote haya ni nani anayeamua kwamba hati inahusika. Mashindano ya mifumo ya utafutaji yaitwayo TREC, yanayosimamiwa na NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, tangu 1992, yalikabili mikusanyiko mikubwa isiyosomeka yote. Mbinu yake ni kuchukua hati za juu, mara nyingi 100, kutoka kwa kila mfumo unaoshindana, kuzichanganya, kisha waamuzi kusoma mchanganyiko huo tu. Ellen Voorhees wa NIST alionyesha mwaka 1998 kwamba waamuzi wawili wakipewa hati zilezile, mafungu ya hati wanazoziita husika hulingana kwa asilimia 42 hadi 49 tu. Hata hivyo mpangilio wa mifumo, upi bora na upi dhaifu, haukubadilika sana kwa kubadilisha mwamuzi. Namba ya ukamilifu peke yake, basi, ichukuliwe kwa tahadhari. Ulinganisho wa mifumo miwili chini ya maamuzi yaleyale una nguvu zaidi.

Utafiti wa sasa uko wapi

Sehemu yenye joto zaidi kwa sasa ni akili mnemba. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2023 uliijaribu ChatGPT katika kuandika mikakati ya utafutaji kwa ajili ya mapitio ya kimfumo. Mikakati hiyo ilikuwa na usahihi mzuri, lakini ukamilifu ulishuka, na agizo lilelile likirudiwa lilitoa mkakati tofauti. Kwa mapitio ya kimfumo, hiyo ni kasoro upande uleule usiovumilika. Modeli za lugha pia huweza kutunga vichwa vya mada visivyokuwepo kwenye orodha rasmi, hivyo kila kichwa kihakikiwe kwenye orodha yenyewe kabla ya kutumiwa.

Eneo la pili ni programu zinazojifunza kutokana na maamuzi ya msomaji, zikisogeza mbele makala zinazoelekea kuhusika. Kazi hupungua sana. Shida ni wakati wa kusimama. Lengo la kawaida ni ukamilifu wa asilimia 95, ilhali asilimia ya jumla isiyojulikana haihesabiki. Wengi husimama baada ya kukutana na makala 50 au 100 mfululizo zisizohusika. Kanuni hiyo ni dhaifu pale makala husika ni chache, au pale kundi zima linatumia istilahi ambayo programu haijawahi kuiona. Ni salama zaidi kumalizia kwa sampuli ya kilichoachwa, kama ilivyoelezwa juu.

Mifumo inayotafuta hati kwanza, kisha ikaandika jibu kwa lugha laini, inalifanya pengo lijifiche zaidi. Msomaji haoni tena hata orodha ya matokeo; anaona aya moja inayosomeka vizuri, iliyojengwa juu ya hati chache zilizopatikana.

Kinachomwezesha mtu mwingine kuukagua utafutaji ni kumbukumbu yake. Mwongozo wa PRISMA-S wa mwaka 2021, unaoeleza namna ya kuripoti utafutaji, una vipengele 16, na vitatu ndivyo visivyostahili kukosekana kamwe: jina la kila hifadhidata pamoja na jukwaa lililotumika kuifikia, mkakati kamili ulionakiliwa neno kwa neno jinsi ulivyoendeshwa, na tarehe ya kuuendesha. Tarehe huonekana kitu kidogo mpaka siku ya kurudia. Mwaka mmoja baadaye mkakati uleule ukileta makala 35 zaidi, asiye na tarehe hana namna ya kujua zipi zimeongezwa kwenye hifadhidata tangu hapo na zipi zilikuwamo tangu mwanzo bila kuonekana.