Hostia juu ya paji la uso la Mina

Ninapowauliza wanafunzi wangu kuhusu ishara za dini katika Dracula, riwaya ya kigothi (ya kutisha) ya Bram Stoker iliyochapwa mwaka 1897, wengi hukimbilia msalaba. Hawakosei, ila mimi huona kwamba uzito wa kitabu umo katika aya za Biblia zilizopinduliwa.

Mgonjwa wa akili Renfield anaramba sakafuni damu ya daktari wake, kisha anakariri kwamba damu ni uhai. Maneno hayo yamo katika Kumbukumbu la Torati 12:23, na pale ndiyo sababu ya kukatazwa kula damu. Renfield ameliacha katazo na kuichukua sababu, nayo mdomoni mwake imegeuka ruhusa.

Dracula mwenyewe, mfu anayeishi kwa kunyonya damu za watu, anavuka zaidi. Anamlazimisha Mina, mmoja wa wanaomwinda, kunywa damu kifuani pake, mumewe akiwa amelala kama mfu kando yao, huku akimwita nyama ya nyama yake na damu ya damu yake. Ni maneno ya Adamu kwa Hawa, yale yale tunayoyasikia harusini, isipokuwa mfupa umeondolewa na damu ikawekwa mahali pake. Halafu anamwita shinikizo lake la mvinyo, yaani anampa kikombe mtu anayekusudia kumkamua baadaye.

Baada ya hapo Van Helsing, profesa anayewaongoza wanaomwinda Dracula, anamgusa Mina kwa hostia, mkate uliowekwa wakfu wa komunyo, kwenye paji la uso ili kumkinga, nayo inamchoma kama chuma cha moto. (Van Helsing huyu ndiye aliyewahi kuikanda hostia kama lami ya kuzibia kaburi, Mkatoliki yeyote angeshtuka.) Mina analia kwamba ni najisi, kilio cha mwenye ukoma katika Walawi 13:45. Wasomaji wengi hulifananisha kovu hilo na alama ya Kaini, lakini Kaini aliua, ilhali Mina hana kosa. Sheria ya Walawi ndiyo inayomfaa, kwa kuwa haimuulizi mgonjwa ametenda dhambi gani, inamtenga tu.

Kovu linatoweka jua linapotua, Dracula akiwa ameuawa. Anayewaonyesha wenzake paji hilo, akisema hata theluji haina weupe kulishinda, ni Quincey Morris, Mmarekani katika kundi la wawindaji hao, anayekufa huku damu ikimtoka ubavuni.