Kwa nini mawimbi hayawasombi kome wadogo wa mchangani?

Ufuo wa Shela, kisiwani Lamu, ni mchanga mtupu kwa kilomita nyingi. Pale wimbi linapofia hakuna mwamba wa kujishikiza, na mchanga wenyewe hautulii. Lakini fuo za namna hii, katika bahari za joto, ndizo makao ya kome wa jenasi ya Donax: wadogo, wenye magamba mawili ya umbo la kabari, wengi hawafiki hata sentimita 4. Wanawezaje kubaki?

Siri iko mguuni. Kome huusukuma mguu wake laini chini mchangani, damu hujaa nchani, ncha ikatuna na kushika kama nanga ya mashua. Hapo hufunga magamba ghafla. Maji yaliyokuwa ndani hufyatuka na kuulegeza mchanga, naye hujivuta chini. Hurudia hivyo mara kadhaa, na kwa wale wenye kasi kazi yote huisha kwa sekunde chache tu.

La ajabu zaidi, kwangu mimi, ni kwamba wengine hutoka wenyewe. Huko Marekani, maji yakiwa yanajaa, Donax variabilis huruka nje ya mchanga, hupandishwa na wimbi, kisha hujichimbia kabla maji hayajarudi. Maji yakipwa, huteremka kwa mtindo huo huo. Mwaka 1995 mtafiti Olaf Ellers alieleza kuwa kome hao huusikia mtikisiko wa mawimbi na huchagua yenye kishindo kikubwa. Abiria wanaochagua gari! Si kila spishi husafiri hivyo, lakini. Nyingine hukaa pale pale zikingoja maji yazifikie.

Yote hayo ni kwa ajili ya tumbo. Kome hutokeza mirija miwili juu ya mchanga, mmoja wa kuvuta maji na mwingine wa kuyatoa, na ndani matamvua hunasa vijimea na chembe za chakula. Mawimbi humletea maji mapya bila kukoma. Akikaa juu zaidi atakaukiwa. Akishuka sana atakutana na samaki wengi zaidi.

Hata chini ya mchanga ana adui. Konokono wa baharini wa familia ya Naticidae humkumbatia kome, hulitoboa gamba kwa ulimi wenye meno na majimaji ya tindikali, kisha humla humo humo. Ukiokota ganda lenye tundu moja la duara, safi, lenye kingo zilizoinama kwa ndani, huenda mwenyewe aliliwa hivyo.