Dengu haijanyauka? Nionyeshe kwanza jirani yake aliyekufa

Nimeambiwa tena wiki hii: “Aina hii ya dengu haijawahi kunyauka shambani kwangu, kwa hiyo ni kinzani, haishikwi na ugonjwa.” Basi na miye nijibu kwa maandishi, nipumzike.

Kusalimika si ukinzani. Fangasi wa mnyauko fuzari, ugonjwa unaonyausha dengu kuanzia mizizini, hakai udongoni kwa usawa. Kona moja amejaa, hatua chache mbele hayupo. Ndiyo maana sisi tunaopima aina za dengu, kwenye shamba tuliloliambukiza makusudi, tunaingiza mstari wa JG 62, aina ya dengu isiyouweza ugonjwa huu, kila baada ya mistari michache ya aina zinazopimwa. JG 62 hufa upesi, na kazi yake ni hiyo. Ikifa yote, aina iliyosimama pembeni yake ina la kusema. Ikisimama nusu, jaribio limeharibika, hata jedwali lipambwe vipi. Ripoti isiyosema JG 62 ilikufa kwa asilimia ngapi huwa siimalizi.

Halafu, ulihesabu lini? Zipo aina zinazochelewa kunyauka hadi wakati wa maua na maganda. Hesabu mara moja tu, mapema, uzisifu bure.

Linaloniudhi zaidi ni picha ya mmea mkavu na neno “fuzari” chini yake. Ng’oa! Pasua mzizi kwa urefu! Kwa fuzari, mzizi kwa nje waweza kuonekana mzima kabisa, ila mishipa ya ndani imekuwa ya kahawia au nyeusi. Kwa uozo mkavu wa mizizi, ugonjwa mwingine wa dengu, mizizi midogo imekwisha, mzizi mkuu umekauka na unakatika kama kijiti. Ukivuta, kipande kinabaki ardhini. Anayeleta uozo huo ni fangasi mwingine kabisa, anapenda joto la zaidi ya nyuzi 30 na udongo uliokauka. Sasa fikiria dengu za Shinyanga kwenye udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi, zinapandwa mvua zikielekea kuisha na kuishi kwa unyevu uliobaki. Zikifika kwenye maganda, udongo umeshapasuka. Aina inayohimili fuzari ikifia hapo, mkulima anatuita waongo, na hakuna aliyepasua mzizi.

Hata sisi tusijitape. Kawaida aina yenye vifo visivyozidi asilimia 10 tunaiita kinzani. Kwenye mstari wa mimea 20, vifo viwili inapita, vitatu haipiti. Na huyo wa tatu pengine aliliwa na mchwa.

Tena fuzari ana resi nyingi, yaani makundi ya fangasi huyohuyo yanayotofautiana kwa aina za dengu yanazoziweza: 1A, 2, 3 na 4 zilitambuliwa India, ilhali 0, 5 na 6 zinajulikana zaidi ukanda wa Mediterania. Aina iliyofaulu Patancheru, kule India, haina cheti cha Hispania. Na joto nalo: aina ya dengu iitwayo Ayala, ikiambukizwa resi 1A, ilijikaza kiasi kwenye nyuzi 24, lakini kwenye 27 ikanyauka vibaya. Tofauti ya nyuzi tatu! Niiandike safu gani, ya kinzani au ya zinazonyauka? Bado sina jibu linaloniridhisha, kwa hiyo siku hizi joto la udongo naliandika pembeni ya kila alama.