Kaliba ni upana, si nguvu

Kaliba ni kipenyo cha tundu la mtutu, kwa hiyo pia cha kichwa cha risasi kinachopita humo. Hupimwa kwa sehemu za inchi au kwa milimita. Basi. Watangazaji wa mpira wamelizoea neno hilo kwa maana ya ubora, na hapo hakuna ubaya. Ubaya ni pale anayetaka kuwinda elki, yule kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini ambaye dume lake hupita kilo 300, anapoambiwa "kaliba ya .30 inatosha" na kuondoka akidhani amejibiwa.

.30 ipi? Risasi za .30 Carbine, .30-30, .308 Winchester, .30-06 Springfield na .300 Winchester Magnum zote hurusha kichwa cha kipenyo kilekile, inchi 0.308, yaani milimita 7.82. Kinachozitenganisha ni ukubwa wa ganda, baruti iliyomo na uzito wa kichwa. Kichwa cha .30 Carbine cha greni 110 (gramu 7.1) hutoka mtutuni na nishati ya jouli 1,300 hivi. .30-06 yenye greni 180 (gramu 11.7) hutoka na karibu 3,900, na .300 Winchester Magnum, kwa uzito huohuo, hupita 4,700.

Sheria ya jimbo la Colorado inalijua hili. Kwa elki inataka kaliba isiyopungua .24, kichwa cha greni 85 au zaidi, na nishati ya futi-pauni 1,000 (jouli 1,356) kwenye yadi 100. .30 Carbine inavuka masharti mawili ya kwanza bila shida, halafu inaanguka kwenye la tatu, maana hata mdomoni mwa mtutu haifiki hapo.

Namba za majina nazo huwapoteza wengi. 06 katika .30-06 ni mwaka iliotoka, 1906. 30 ya pili katika .30-30 ilikuwa greni za baruti. .270 Winchester hurusha kichwa cha inchi 0.277.

Hata nishati haimalizi kazi. Bega la elki lina mfupa mzito. Kichwa chepesi cha risasi kilicholainishwa kwa ajili ya wanyama wadogo hupasukia hapo na vipande havifiki mapafuni. Mnyama huondoka na jeraha. Ndiyo maana huchaguliwa kichwa cha shaba tupu, au chenye madini ya risasi yaliyoshikamanishwa na koti lake la shaba. 6.5 Creedmoor (6.5 ni milimita) yenye kichwa kama hicho ni nyembamba kuliko .30-30, lakini kwenye yadi 300 huiacha mbali. Na magnamu, yaani risasi yenye baruti nyingi kuliko kawaida, inayomfanya mpigaji afumbe macho kabla ya kufyatua haimsaidii, hata ingekuwa na jouli ngapi.

Kaliba yenyewe ina mahali ambapo haisamehe. .300 Blackout, ambayo ni kaliba ya .30, inaweza kuingia kwenye chemba (mahali risasi inapokaa) ya bunduki ya .223, ambayo ni kaliba ya .22. Kichwa cha .30 kikisukumwa kwenye mtutu wa .22, bunduki hupasuka.

Kwa hiyo ukiulizwa unawinda kwa risasi gani, soma jina zima lililogongwa kwenye mtutu, ulilinganishe na lile la kwenye kitako cha ganda, kisha taja uzito wa kichwa, aina yake na umbali: ".30-06, greni 180, shaba tupu, si zaidi ya mita 250." Kaliba imo humo tayari.